Nusu ya Kipimo Hufanyika Nyumbani

Maandalizi ya utumbo mpana kabla ya kolonoskopi, kwa mgonjwa anayetoka Mbangala

Vipimo vingi vya hospitali havimdai mgonjwa kazi kubwa. Hunyoosha mkono damu ikachukuliwa, au husimama mbele ya mashine ya eksirei akaambiwa azuie pumzi, kisha hungoja majibu. Kolonoskopi, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera, haimo katika kundi hilo. Daktari hupitisha katika njia ya haja kubwa mrija laini wenye taa na kamera kwenye ncha yake, akauongoza hadi mwanzo wa utumbo mpana, mwendo wa takriban mita moja na nusu. Lakini kile atakachokiona hutegemea kazi iliyokwisha kufanywa usiku uliotangulia, mbali na macho yake, na mtu ambaye aghalabu hana mafunzo yoyote ya tiba. Mtu huyo ni mgonjwa mwenyewe.

Achukuliwe kwa mfano mkulima wa ufuta wa Mbangala, mkoani Songwe, mwanamume wa miaka 54. Kwa miezi kadhaa ameona damu katika choo chake. Kwanza alidhani ni bawasiri, akanywa dawa za miti shamba. Kisha akatibiwa amiba. Damu haikukoma, nguvu zikapungua, na kipimo kikaonyesha kwamba ana upungufu wa damu. Akapewa rufaa. Kwa watu wa Songwe safari ya rufaa kwa kawaida huelekea Mbeya, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda inayohudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na wakati mwingine huendelea hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Mkulima huyu si mtu fulani. Ni mfano uliojengwa ili kueleza jambo. Hata hivyo, yeyote atakayeondoka Mbangala akiwa na karatasi ya rufaa mfukoni na pakiti ya haluli mkobani atakutana na maswali yale yale: dawa hii ninywe lini, ninywe wapi, nitajuaje kuwa imetosha, na kwa nini nijiharishe kwa makusudi ilhali tangu utotoni nimefundishwa kuogopa kuharisha?

Kinachofichwa na uchafu

Saratani ya utumbo mpana mara nyingi haianzi ikiwa saratani. Huanza kama polipu, kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo bila maumivu wala dalili. Polipu nyingi hubaki hivyo. Baadhi hubadilika polepole, mara nyingi kwa muda wa miaka kumi au zaidi, hadi zikawa saratani. Muda huo mrefu ndio fursa ya tiba. Tangu mwaka 1969, madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walipoonyesha jijini New York kwamba polipu inaweza kukatwa kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mrija wa kamera, bila kumpasua mgonjwa tumbo, kolonoskopi imekuwa kipimo na tiba kwa wakati mmoja.

Fursa hiyo ina sharti moja: polipu ionekane. Nyingine ni ndogo kama punje ya mtama. Nyingine ni bapa, hazikuinuka juu ya ukuta wa utumbo kuliko kiraka kilichoshonwa vizuri juu ya nguo ya rangi ile ile. Polipu bapa hupatikana zaidi upande wa kulia wa utumbo mpana, na upande huo ndio unaochafuka upesi, kwa sababu ute na nyongo kutoka utumbo mwembamba humwagikia hapo kwanza. Utando mwembamba wa kinyesi watosha kuifunika. Daktari atapita, hataona kitu, ataandika kwamba hakuna kitu. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili: kipimo kilichofanywa katika utumbo mchafu kinaweza kumpa mgonjwa utulivu asiostahili kuwa nao, akarudi shambani kwa moyo mweupe, na ugonjwa ukarudi naye.

Ndiyo maana wataalamu huupa usafi wa utumbo alama kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Kipimo kinachotumika sana, kilichotoka Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2009, huugawa utumbo mpana katika sehemu tatu: kulia, katikati na kushoto. Kila sehemu hupewa alama kuanzia 0, pale kinyesi kigumu kinapozuia kuona, hadi 3, pale ukuta wote unapoonekana bila kizuizi. Jumla ya juu ni 9. Ili kipimo kiaminike, kila sehemu yapasa ipate angalau 2. Sehemu mbili safi haziwezi kuilipia ya tatu iliyo chafu. Chama cha wataalamu wa endoskopi barani Ulaya hutaka angalau vipimo 90 katika kila 100 vifanyike katika utumbo uliosafishwa ipasavyo. Pale usafi unapokosekana, ushauri wa kawaida ni kurudia kipimo, na kisicheleweshwe zaidi ya mwaka mmoja. Kwa anayeishi mtaa wa pili kutoka hospitali, kurudia ni usumbufu. Kwa mtu wa Mbangala ni nauli ya pili, nyumba ya wageni ya pili, msindikizaji wa pili, na siku nyingine ambazo shamba au mgodi hauna mtu.

Yumkini msomaji atauliza kama ugonjwa wenyewe unatuhusu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu miongoni mwa Waafrika wa vijijini, akahusisha uadimu huo na vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Kauli hiyo ilisambaa sana. Lakini nyakati zimebadilika. Kumbukumbu za Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili, zilizochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2016, zilionyesha kuwa wagonjwa wa saratani hii wameongezeka sana ndani ya muongo mmoja. Damu katika choo ina sababu nyingi, na nyingi si saratani: bawasiri, amiba, kichocho cha utumbo, vidonda. Kolonoskopi ndiyo njia ya kutenganisha moja na nyingine, mradi utumbo uwe safi.

Kutoka mafuta ya mbarika hadi lita nne

Haluli si jambo geni katika nchi yetu. Kabla ya vidonge vya viwandani watu walijua mafuta ya mbarika, majani ya sanamaki, mshubiri na chumvi ya haluli. Hospitali za dunia nzima nazo zilianzia huko huko: mgonjwa alishindishwa kwa vinywaji vyepesi siku mbili au tatu, akanyweshwa mafuta ya mbarika, akapigwa bomba la maji mara kadhaa. Alifika kwenye kipimo akiwa dhaifu, na utumbo haukuwa safi kila mara.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1980, wataalamu wa Dallas, Marekani, miongoni mwao John Fordtran, walipochapisha matokeo ya mchanganyiko mpya: unga wa polietilini glaikoli pamoja na chumvichumvi, ulioyeyushwa katika maji mengi. Siri yake ni rahisi kuieleza. Unga huo haufyonzwi na mwili. Huyashika maji yaliyonyweka yasipite kwenye kuta za utumbo kuingia katika damu. Chumvichumvi zake zimepimwa ili mwili usipoteze wala kupokea chumvi kwa wingi. Maji huingia juu, huosha, hutoka chini. Kwa hiyo huwa na kiasi kikubwa, lita 4 kwa mpango wa zamani, na kwa hiyo pia haumkaushi mgonjwa kama haluli nyingine zinavyoweza kufanya. Siku hizi ipo mipango ya lita 2 inayoambatana na vidonge vya bisakodili, na ipo michanganyiko ya pikosalfeti na magnesiamu yenye kiasi kidogo zaidi. Hii ya mwisho huvuta maji kutoka mwilini, hivyo mgonjwa hana budi kunywa vinywaji vingine vya kutosha.

Historia hiyo ina maonyo mawili ya kukumbukwa. La kwanza ni la sukari zisizofyonzwa. Manitoli ilitumika zamani kusafisha utumbo. Bakteria wa utumboni huichachusha na kuzalisha gesi inayowaka. Mwaka 1979 madaktari wa Ufaransa waliripoti kifo cha mgonjwa ambaye utumbo wake ulilipuka wakati polipu ikikatwa kwa waya wa umeme. Laktulosi, sharubati inayopatikana kwa urahisi katika maduka yetu ya dawa kwa ajili ya kufunga choo, huchachuka vivyo hivyo. Ni dawa nzuri kwa kazi yake. Kwa kazi hii isitumike badala ya ile iliyoandikwa. Onyo la pili ni la fosfeti ya sodiamu ya kunywa, ambayo ilipendwa kwa uchache wake hadi ilipobainika kuwa inaweza kudhuru figo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kali juu yake. Mafunzo yote mawili huelekea hukumu moja: si kila kinachoharisha kinafaa kuandaa utumbo. Mgonjwa aliyekosa dawa iliyoandikwa asijichagulie nyingine dukani. Aipigie simu hospitali iliyompa miadi.

Kuharisha kunakotakiwa

Kwa miaka mingi elimu ya afya imetufundisha, na kwa haki, kwamba kuharisha ni adui. Chemsha maji, nawa mikono, mpe mtoto ORS, wahi kituoni. Katika bonde la Rukwa, ambako kipindupindu kimewahi kupita, mtu anayeharisha maji matupu ni habari ya kumwamsha jirani usiku. Kisha hospitali ile ile humpa mtu mzima unga na kumwambia: kunywa hadi uharishe maji matupu. Si ajabu akili ikasita.

Kusita huko huzaa makosa matatu. La kwanza ni kuacha mapema. Mgonjwa hunywa glasi sita, tumbo huachia mara mbili tatu, naye huona kazi imekwisha: dawa si imeshafanya kazi? Hupumzika, na nusu ya dawa hubaki ndani ya chupa. Ukweli ni kwamba safari zile za kwanza zimeondoa mzigo tu. Uoshaji wenyewe haujaanza. La pili ni huruma ya jamaa. Mke, dada au mama mkwe, akiona mtu wake anakwenda chooni kwa mara ya nane, hukoroga uji, hutafuta kidonge cha kuzuia kuharisha, au humpokonya chupa. Kwa hiyo maelekezo ya hospitali hayamtoshi mgonjwa peke yake. Yapasa yasomwe mbele ya yule atakayekesha naye.

La tatu ni la macho. Dalili ya utumbo safi ni rangi ya kinachotoka, wala si idadi ya safari za chooni. Mwanzoni hutoka kinyesi cha kawaida. Kisha laini kama uji wa ulezi. Kisha maji ya kahawia yenye chembechembe, mithili ya maji ya mto wakati wa masika. Hatimaye majimaji ya manjano mepesi yanayopitisha nuru, kama chai ya rangi iliyofifia au mkojo wa mtu aliyekunywa maji ya kutosha. Hapo ndipo utumbo umekuwa tayari. Lakini choo cha shimo usiku wa manane hakionyeshi kitu. Anayejiandalia mahali penye choo cha namna hiyo afanye haja yake kwenye ndoo au beseni la rangi nyeupe, amulike kwa tochi atazame, kisha amwage shimoni na kukiosha chombo kwa sabuni. Ni jambo la kuonea haya kulitaja, ila ndiyo njia ya uhakika ya kujua.

Saa za kunywa

Zamani dawa yote ilinywewa jioni ya kuamkia kipimo. Siku hizi mwongozo wa kitaalamu ni kuigawa mara mbili: nusu jioni, nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Sababu ni ile nyongo na ute vinavyoshuka usiku kucha. Aliyemaliza dawa saa 3 usiku, akapimwa saa 4 asubuhi, utumbo wake umepata saa nyingi za kuchafuka upya, hasa upande wa kulia. Nusu ya pili huuosha upande huo muda mfupi kabla kamera haijafika.

Kanuni ni kwamba nusu ya pili ianze saa nne hadi sita kabla ya kipimo na imalizike angalau saa mbili kabla, ili tumbo la juu liwe tupu wakati mgonjwa anapopewa dawa ya usingizi. Chukulia miadi ya saa 4 asubuhi na mpango wa lita 4. Lita 2 za kwanza zianze saa 12 jioni. Glasi ya mililita 250 kila dakika 15 huzimaliza saa 2 usiku. Lita 2 za pili zianze saa 11 alfajiri, zimalizike saa 1 asubuhi. Baada ya hapo kinywa kifungwe, hata kwa maji, isipokuwa hospitali imeelekeza vinginevyo. Palipo na tofauti kati ya mfano huu na karatasi ya hospitali, karatasi ifuatwe.

Upimaji wa maji nao usikisiwe. Chupa nne safi za lita moja ni kipimo bora kuliko dumu lisilo na alama. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, au ya kununua. Ladha ya dawa ni ya chumvi na huchusha. Ikipozwa hunyweka kwa urahisi zaidi, na katika joto la Mbangala chupa zilizokaa ndani ya maji ya mtungi hupoa vya kutosha. Kulamba kipande cha limau kati ya glasi na glasi husaidia. Kuongeza sukari ndani ya dawa hakufai. Kichefuchefu kikizidi, mgonjwa apumzike nusu saa kisha aendelee taratibu. Ngozi ya njia ya haja kubwa huwashwa na safari nyingi. Kutawaza kwa maji na kupaka mafuta ya mgando tangu mwanzo hupunguza maumivu.

Ufuta, dona na mboga za majani

Chakula cha kijijini ambacho Burkitt alikisifu ndicho, kwa siku hizi chache tu, kinachopaswa kuwekwa kando. Nyuzinyuzi na mbegu hazimeng'enywi zikaisha. Hubaki utumboni na kuziba tundu la kufyonza la mrija wa kamera. Ufuta ni mbaya kupita vyote, maana punje zake ndogo hukaa kwenye mikunjo ya utumbo hata baada ya haluli. Mkulima aliye katikati ya mavuno, anayetafuna punje huku akipepeta, yapasa ajue hilo mapema.

Hospitali nyingi huelekeza siku moja hadi tatu za chakula chepesi. Vinavyofaa ni wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, mayai, samaki, kuku asiye na ngozi na viazi vilivyomenywa. Vya kuepukwa ni dona, ulezi, maharage, karanga, ufuta, mahindi ya kuchoma, mboga za majani za aina zote, mapera, na nyanya zenye mbegu. Tangu dawa inapoanza, vinywewe vinywaji vinavyopitisha nuru peke yake: maji, chai ya rangi bila maziwa, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, maji ya ORS, juisi iliyochujwa. Uji, togwa na maziwa havimo. Vinywaji vyekundu na vya zambarau, kama juisi ya rosela, viachwe, kwa kuwa mabaki yake hufanana na damu mbele ya kamera.

Barabara, maji na choo

Sasa arudi mkulima wa Mbangala, ambaye miadi yake ni saa 4 asubuhi jijini Mbeya. Njia yake hupitia Mkwajuni na Galula hadi kutokea Mbalizi, na masika huweza kuirefusha kuliko ilivyopangwa. Kama atafuata maelekezo neno kwa neno akiwa nyumbani kwake, alfajiri ya kipimo itamkuta ama yuko ndani ya gari akiwa na chupa mkononi, ama ameacha nusu ya pili ili asiaibike safarini. Kila abiria ajua maana ya kumwomba dereva asimame "kuchimba dawa". Hakuna dereva atakayesimama mara kumi. Mwenzake wa Tunduma, mji wa mpakani ulio kama kilomita 100 kutoka Mbeya, ana barabara kuu, lakini foleni ya malori yaweza kumla saa zisizotabirika.

Jibu ni kuihamisha haluli kutoka nyumbani. Mgonjwa wa mbali asafiri siku moja kabla, asubuhi, akiwa bado hajaigusa dawa, akalale karibu na hospitali na kuanza kunywa jioni hiyo akiwa ametulia. Akipata ndugu mjini, amweleze mapema kwamba choo cha nyumba kitashughulika usiku kucha. Akilala nyumba ya wageni, aombe chumba chenye choo ndani na ahakikishe maji yanatoka, au aweke ndoo mbili za akiba. Mzee, au mtu mwenye kizunguzungu, asilale peke yake, maana wengi huanguka gizani wakikimbilia msalani. Msindikizaji atahitajika hata baada ya kipimo: aliyepewa dawa ya usingizi hapaswi kupanda bodaboda peke yake wala kusafiri siku hiyo bila mtu.

Hospitali nazo zina sehemu yao. Miadi ya anayetoka mbali ikipangwa saa 5 au saa 6 mchana, nusu ya pili ya dawa huangukia asubuhi yenye mwanga badala ya usiku wa manane. Swali "unatoka wapi, na utalala wapi?" huchukua nusu dakika dirishani, likiulizwa siku ya kuandika miadi, laweza kuokoa kipimo kizima.

Nani aulizwe kwanza

Haluli hizi ni salama kwa wengi, si kwa wote. Mwenye tumbo lililovimba, anayetapika, asiyepata choo wala kujamba, huenda utumbo wake umeziba. Kwake haluli ni hatari, na asinywe hadi daktari amwone. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo, mjamzito, na mzee dhaifu wachaguliwe dawa na daktari anayejua hali yao. Mwenye kisukari aulize mapema namna ya kupunguza vidonge au insulini, kwa maana chakula kitapungua na sukari yaweza kushuka ghafla. Vinywaji vyake vyepesi viwe na sukari kiasi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache wala kuziendeleza kwa uamuzi wake. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo mgonjwa mwenye upungufu wa damu kama mkulima wetu aghalabu hupewa, husimamishwa kwa kawaida siku tano hadi saba kabla, kwa kuwa hukifanya choo kuwa cheusi na chenye kunata.

Wakati wa kunywa, maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, kuzimia, au kuchanganyikiwa ni amri ya kusimama na kwenda kituo cha afya kilicho karibu. Ni sababu nyingine ya kulala karibu na hospitali.

Swali la mlangoni

Asubuhi ya kipimo, muuguzi atamuuliza mkulima: "Baba, choo cha mwisho kilitoka vipi?" Adabu ya Kiswahili itamsukuma kujibu kwa mkato: "Kimetoka vizuri tu, dada." Jibu hilo ni la heshima, lakini halimsaidii yeyote. "Vizuri" yaweza kuwa uji wa ulezi, na yaweza kuwa chai iliyofifia. Muuguzi mzoefu ataendelea: kilikuwa na rangi gani, kilikuwa na chembechembe, ulimaliza chupa zote nne?

Hapo mgonjwa aiweke haya kando na kusema kweli. Akisema kwamba alitapika chupa ya tatu, au kwamba usingizi ulimchukua alfajiri, hatagombezwa. Mara nyingi bado ipo nafasi ya kumwongezea dawa na kumsogeza mwisho wa orodha ya siku ile. Akificha, kamera itamwumbua ndani ya dakika tano, au, vibaya zaidi, haitamwumbua: itapita juu ya utando wa uchafu, na polipu iliyo chini yake haitaonekana. Mkulima aliyekesha na chupa zake, akatazama, akajua rangi, aweza kujibu kwa maneno machache: "Maji ya manjano, dada. Nimeona hadi chini ya ndoo." Baada ya jibu hilo daktari huchukua mrija na kuanza nusu yake ya kazi.